Mfupa Ukiuma, Usijibu "Sijambo"

"Mzee, hujambo?" daktari anauliza.

"Sijambo, daktari. Tunamshukuru Mungu."

Mzee huyo ameingia akiwa ameshikiliwa na bintiye. Usiku mzima uliopita amelala ameketi, mgongo ukiegemezwa kwa mito, kwa sababu akijinyoosha kitandani mgongo unawaka moto. Lakini kaulizwa hali, naye kajibu kama alivyofunzwa tangu utotoni. Daktari ana foleni ndefu nje ya mlango. Anaandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri, anampa tarehe ya mwezi ujao, na mzee anatoka na maumivu yake yale yale.

Wagonjwa wa namna hii wamejaa katika kliniki zetu za saratani, na hakuna aliyekosa adabu hapo. Neno lenyewe ndilo linalotuponza. Hujambo ni kumuuliza mtu kama hana jambo, na sijambo ni kukubali kwamba hana. Mtu mwenye saratani ya mapafu iliyosambaa analo jambo, na mara nyingi jambo hilo limejificha mfupani. Makala haya ni kwa ajili yake na kwa wanaomuuguza. Saratani ikishasambaa huenda isiondoke tena mwilini, lakini sehemu kubwa ya mateso inayoyaleta kupitia mifupa inaweza kuzuiwa au kupunguzwa, ilimradi isemwe mapema.

Kutoka kifuani hadi mfupani

Saratani ya mapafu ndiyo inayogunduliwa kwa wingi kuliko saratani nyingine zote duniani. Mwaka 2022 ilikadiriwa kuleta wagonjwa wapya wapatao milioni 2.5 na vifo milioni 1.8. Miongoni mwa wale ambao ugonjwa wao umesambaa, watu 3 hadi 4 katika kila 10 hupata uvimbe wa saratani mifupani. Inapopenda kukaa ni kwenye pingili za uti wa mgongo, mbavu, nyonga, sehemu ya juu ya mfupa wa paja na mfupa wa mkono karibu na bega.

Tumezoea kudhani mfupa ni kitu kikavu kama jiwe. Sivyo. Mfupa ni kama nyumba ya udongo inayokarabatiwa kila siku: zipo seli zinazobomoa sehemu kuukuu na zipo zinazojenga mpya, na kwa mtu mzima mwenye afya kazi hizo mbili hulingana. Seli za saratani zikiingia huwachochea wabomoaji. Mfupa unapobomolewa nao huachia viini vya ukuaji vilivyokuwa vimehifadhiwa ndani yake, na viini hivyo huilisha saratani, ambayo huzidi kuwachochea wabomoaji. Ni kama mchwa ndani ya ukuta wa fito: kwa nje nyumba imesimama, kwa ndani fito zimeliwa, na siku ukuta unapoanguka watu hushangaa kwamba hapakuwa na upepo.

Ndiyo maana picha ya eksirei inaweza kuonekana safi huku mgonjwa akilia. Eksirei huanza kuonyesha tundu pale tu ambapo thuluthi hadi nusu ya madini ya mfupa mahali hapo imekwisha kupotea. Ukiambiwa "picha haina tatizo" na maumivu yanaendelea kila usiku mahali pale pale, una haki ya kuuliza kuhusu kipimo kingine, kama CT, MRI au picha ya mifupa yote.

Kuna mtego mwingine katika nchi zetu. Mtu anayekohoa na kukonda hufikiriwa kwanza kuwa na kifua kikuu, na ni sawa apimwe, kwa kuwa ugonjwa huo bado ni mwingi kwetu. Tena kifua kikuu nacho hula pingili za mgongo, kwa hiyo hata maumivu ya mgongo yanaweza kuelezwa kwa jina hilo. Lakini makohozi yakipimwa yasionekane vimelea, na dawa za kifua kikuu zikinywewa kwa wiki kadhaa bila nafuu, hapo usiendelee kungoja. Omba uchunguzi zaidi, ikiwezekana hadi kuchukuliwa kipande cha nyama kupimwa. Miezi inayopotea hapa mfupa huilipia.

Kinachoibwa si nguvu tu

Hospitali huhesabu madhara ya mifupa kwa matukio manne: mfupa kuvunjika bila ajali ya maana, uti wa mgongo kubanwa, kuhitaji mionzi kwa ajili ya mfupa, na kuhitaji upasuaji wa mfupa. La tano ambalo mara nyingi huongezwa ni kiwango cha kalsiamu kupanda katika damu. Hesabu hiyo inawafaa madaktari. Mgonjwa ana hesabu yake: kulala ubavu anaoupenda, kwenda chooni bila kusindikizwa, kusujudu, kumpakata mjukuu, kupiga chafya bila kuogopa.

Tazama ubavu peke yake. Mwenye saratani ya mapafu anahitaji kukohoa ili atoe makohozi. Ubavu ukiwa na uvimbe au ufa, kila kikohozi ni kisu, basi anajizuia. Makohozi yanabaki, yanaoza ndani, na baada ya siku chache analetwa hospitali ana nimonia. Katika cheti itaandikwa nimonia, lakini aliyeifungulia mlango ni ubavu ambao haukupewa dawa ya maumivu.

Lipo jingine ambalo familia nyingi hazielezwi. Kabla ya kumpa mgonjwa dawa kali za saratani, madaktari hupima uwezo wake kwa ngazi inayoanzia 0, yaani mtu anayefanya shughuli zake zote, hadi 4, yaani mtu asiyeinuka kitandani. Anayeshinda kitandani au kitini zaidi ya nusu ya saa za mchana yuko kwenye ngazi ya 3, na wagonjwa wengi wa ngazi hiyo hawapewi tibakemikali kwa kuhofia kwamba itawadhuru zaidi ya kuwafaa. Kwa hiyo mguu uliovunjika haumlazi mtu tu. Unaweza pia kumnyima dawa ya pafu. Kuutunza mfupa ni sehemu ya kuitibu saratani.

Watoa tiba shufaa barani Afrika, yaani wahudumu wa kupunguza mateso ya wagonjwa wa maradhi mazito, wana fomu fupi ya maswali 10: 7 ya mgonjwa na 3 ya anayemuuguza. Humuuliza mgonjwa kuhusu maumivu, wasiwasi, kama ameweza kumweleza mtu yaliyomo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani. Anayemuuguza naye huulizwa kama amepewa maelezo ya kutosha na kama anajiamini katika kazi hiyo. Hakuna hata swali moja kati ya hayo linalojibika kwa "sijambo".

Jifunze kuyaeleza maumivu

Nunua daftari la shule la kurasa chache, uliweke karibu na kitanda. Kila jioni andika mambo matano. La kwanza, wapi: onyesha kwa kidole kimoja, wala usiseme "mwili mzima" kama ni mahali pamoja. La pili, lini: maumivu ya mfupa wenye saratani mara nyingi huzidi usiku na mtu akilala chali, tofauti na uchovu wa kazi ambao hupoa kwa kupumzika. La tatu, kiasi gani: kutoka 0 hadi 10, au kwa vidole vya mkono mmoja, ngumi ikiwa hakuna maumivu na vidole vitano ikiwa ni maumivu yasiyovumilika. La nne, kinachoyachochea: kukanyaga, kugeuka, kukohoa, kuinuka. La tano, na hili ndilo kubwa, yamekuzuia kufanya nini leo.

Lugha yetu ina maneno mengi ya maumivu, tuyatumie. Yanayotwanga, yanayokereza kama jino bovu na kukaa mahali pamoja mara nyingi ni ya mfupa wenyewe. Yanayochoma kama pilipili, yanayopita kama umeme kutoka kiunoni hadi unyayoni, au yanayoacha ganzi, ni dalili kwamba neva imeguswa, na mgonjwa huongezewa dawa za aina nyingine, kama amitriptilini au gabapentini. Daktari akisikia "unauma" peke yake hawezi kuyatenganisha maumivu ya aina hizi mbili.

Wazee wetu wa kiume hasa huona kulalamika ni aibu. Mwambie baba hivi: "Baba, hulalamiki, unatoa taarifa." Mlinzi anayeona mwizi ukutani na kunyamaza kwa ustaarabu hajafanya kazi yake.

Dawa za maumivu na hofu ya mofini

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maumivu ya saratani mwaka 1986, na kiini chake bado kinafaa: dawa inywewe kwa mdomo inapowezekana, kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yarudi, na nguvu yake ilingane na maumivu yalivyo.

Parasetamoli ni mwanzo mzuri, ila mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, na aliyekonda sana au mwenye ini bovu apewe pungufu ya hapo. Ibuprofeni na diklofenaki huyafaa maumivu ya mfupa, lakini huweza kutoboa tumbo na kuumiza figo. Usizinunue duka la dawa na kuzijumlisha na zile ulizoandikiwa bila daktari kujua.

Maumivu yakiwa makali, dawa ni mofini. Hapa ndipo kikao cha familia huanza. Mmoja atasema mofini ni dawa ya kufia. Mwingine ataogopa baba asije akawa teja. Ukweli ni huu: mofini inayotolewa kwa kipimo sahihi dhidi ya maumivu ya saratani haiharakishi kifo, na uraibu kwa wagonjwa hao ni nadra. Mtu anaweza kuitumia kwa miezi mingi, akaongezewa maumivu yakizidi na kupunguziwa yakipoa. Wengi wakiianza ndipo wanapolala usingizi wao wa kwanza baada ya wiki kadhaa.

Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa 4. Siku mbili tatu za mwanzo huleta usingizi na kichefuchefu, kisha hupoa. Kufunga choo hakupoi, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile mofini inapoanza, pamoja na maji, papai na mboga kadiri mgonjwa anavyoweza. Usisubiri siku ya tano ndipo useme hajapata choo. Akisinzia hadi haamshiki, au pumzi zake zikawa chache mno, mpelekeni hospitali mara moja.

Anayedhani kwamba mofini ni ya nchi tajiri aitazame Uganda. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala, mofini ya maji ikitengenezwa kwa kuchanganya unga wake na maji kwa gharama ndogo. Baadaye sheria ya nchi hiyo iliwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asilazimike kumsubiri daktari. Mahali ambapo wagonjwa bado wanalia, mara nyingi kinachokosekana ni uamuzi wa wakubwa.

Mionzi, dripu na vyuma

Mionzi ni miongoni mwa tiba bora za maumivu ya mfupa wenye saratani. Takribani wagonjwa 6 katika 10 hupata nafuu. Jambo la kujua kabla ya kusafiri ni kwamba, kwa maumivu ya kawaida ya mfupa, dozi moja ya mara moja, ile wanayoiita grei 8, hutuliza sawa na mionzi ya siku 10, ingawa waliopata dozi moja huhitaji zaidi kurudiwa baadaye. Kwa mtu anayetoka Kigoma kwenda Bugando jijini Mwanza, au anayetoka Lindi kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, tofauti hiyo ni kulala wiki mbili kwa watu au kurudi nyumbani kesho yake. Muulize daktari: "Je, dozi moja itanitosha?"

Nafuu ya mionzi haiji siku ile ile. Huanza baada ya siku kadhaa na inaweza kuchukua wiki 3 hadi 4 kukamilika. Siku za mwanzo maumivu huweza hata kupanda kidogo, kisha yakashuka. Usitupe mofini siku unayotoka kwenye mashine.

Kisha kuna dawa za kuwapunguza kasi wale wabomoaji. Inayojulikana zaidi ni asidi ya zoledroniki, miligramu 4 kwa dripu isiyopungua dakika 15, kila wiki 3 hadi 4. Nyingine ni denosumabu, sindano ya chini ya ngozi kila wiki 4, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Haziui saratani, lakini hupunguza mivunjiko na kuchelewesha madhara mengine. Zina masharti yake. Figo zipimwe kabla. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe kabla ya kuanza, kwa sababu jino likitolewa baadaye mfupa wa taya unaweza kukataa kupona. Kalsiamu na vitamini D huandikwa pamoja nazo kwa wasio na kalsiamu iliyopanda. Baada ya dripu ya kwanza wengi hupata homa na maumivu ya viungo kwa siku moja au mbili. Wapo wanaokimbilia dawa ya malaria hapo hapo, pima kwanza.

Na mfupa wa paja? Huu unahitaji tahadhari ya peke yake, maana ndio unaobeba mwili. Maumivu ya kinena, nyonga au paja yanayozuka kila unapokanyaga ni onyo kwamba mfupa unakaribia kukatika. Wakati mwingine hujitokeza gotini ilhali ubovu uko nyongani. Acha kuukanyaga mguu huo, tumia magongo, na uombe picha ya mfupa wote kuanzia nyonga hadi goti. Daktari wa mifupa anaweza kuweka chuma ndani ya mfupa kabla haujavunjika. Chuma cha mapema ni kazi iliyopangwa na siku chache za kujifunza tena kutembea. Chuma cha baada ya kuvunjika ni dharura, damu kupotea, na mgonjwa aliyekwisha dhoofu.

Mambo matatu yasiyongoja kesho

La kwanza ni kubanwa kwa ugwe unaopita ndani ya uti wa mgongo. Karibu kila mara hutanguliwa na maumivu ya mgongo, siku au hata wiki kadhaa kabla. Maumivu huweza kuzunguka kifua au tumbo kama mkanda uliokazwa, na huzidi mtu akilala au akikohoa. Kisha miguu inakuwa mizito, magoti yanakosa nguvu ngazini, unyayo unaota ganzi, mkojo unakataa kutoka au unatoka wenyewe. Mtu mwenye saratani akipata dalili hizo apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo, akiwa amelazwa chali, shingo na mgongo visipindishwe. Atahitaji MRI ya uti wote wa mgongo, dawa ya deksamethasoni, na mionzi au upasuaji.

Hapa kinachoamua ni saa. Anayefika akiwa bado anatembea kwa kawaida huendelea kutembea. Anayefika baada ya miguu kufa, mara nyingi hairudi. Najua miguu ikifa ghafla ndani ya nyumba watu husema ametupiwa kitu, wakaanza kutafuta fundi. Dua ziombwe, lakini ziombwe garini, mkiwa njiani.

La pili ni kalsiamu kupanda. Mfupa unaobomolewa humwaga kalsiamu katika damu, na baadhi ya vivimbe vya mapafu hutoa kemikali inayozidisha hali hiyo. Mgonjwa anapata kiu isiyokatika, anakojoa sana, choo kinafunga, anatapika, anasinzia, kisha anaanza kuongea yasiyoeleweka. Nyumbani watasema ni kisukari, au malaria imepanda kichwani, au "ile mofini yenu". Damu ikipimwa ukweli hujulikana siku hiyo. Tiba yake ni maji mengi ya dripu na dawa kama ile ya zoledroniki, na wengi huzinduka ndani ya siku chache. Asipewe vidonge vya kalsiamu mpaka vipimo vijulikane.

La tatu ni mfupa kuvunjika: maumivu ya ghafla, mlio, kiungo kilichopinda au kisichobeba uzito. Funga kiungo kilivyo kwa ubao au mto, usikivute kukinyoosha, mpeleke hospitali. Waunga mifupa wa jadi wana heshima yao kwa mivunjiko ya ajali, lakini huu si mvunjiko wa ajali. Ndani yake mna saratani, na hautaungana kwa kufungwa vijiti.

Ndani ya nyumba

Tuanze na jambo litakalowaudhi baadhi ya wasomaji: kuchua. Mgongo ukiuma, wa kwanza kuitwa ni mkandaji. Kupaka mafuta ya nazi ya uvuguvugu na kupitisha kiganja taratibu juu ya ngozi hakuna ubaya, na mguso wa mkono humpa mgonjwa faraja. Kukandamiza kwa kiwiko, kukanyagwa mgongo au "kunyooshwa" hadi mifupa ilie kunaweza kuvunja pingili iliyokwisha liwa. Mwambieni mkandaji ukweli wa ugonjwa kabla hajaukunjua mkeka.

Kumwinua mgonjwa kuna namna yake. Usimvute mkono, mfupa wa bega unaweza kukatika mkononi mwako. Tandika kanga mbili au shuka imara chini yake, watu wawili mshike pembe, mumsogeze kwa pamoja. Mkimgeuza mwenye mgongo mbovu, mabega na nyonga vigeuke pamoja, kama gogo linavyoviringishwa. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa 2, na kila siku mkague visigino, nyonga na mfupa wa juu ya makalio, maana kidonda cha kulalia huanza kwa wekundu au weusi mdogo usiouma.

Choo cha kuchuchumaa ni mtihani mkubwa kwa nyonga mbovu. Fundi seremala anaweza kutoboa kiti imara cha mbao, kikawekwa juu ya tundu au juu ya ndoo chumbani. Gharama yake ni ndogo, na heshima anayorudishiwa mtu kwa kujisaidia peke yake haina bei. Ondoeni mikeka inayoteleza njiani, achaneni na kandambili zilizochakaa, wekeni taa ya usiku. Anayetumia fimbo aishike kwa mkono wa upande usiouma. Kitanda kiwe na kimo cha kumwezesha kukaa miguu ikigusa chini.

Safari ya kliniki isiwe kwa bodaboda, hata kama ni karibu. Tafuteni gari, dereva aombwe kupita mashimo taratibu, mgonjwa akae kiti cha mbele kilicholazwa nyuma na mto kiunoni. Dozi ya mofini anyweshwe nusu saa hivi kabla ya kuondoka, ikiwa ratiba yake inaruhusu.

Lakini msimfunge kitandani kwa hofu. Mwili usiotumika hulegea haraka, na mifupa nayo hupungua. Daktari akisema anaweza kutembea, atembee hadi barazani, akae na wenzake, aamue mwenyewe bei ya samaki mlangoni.

Ibada ni sehemu ya maisha hayo. Muislamu asiyeweza kurukuu na kusujudu ana ruhusa ya kusali ameketi, na akishindwa, amelala. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga Ramadhani, na dawa ya kila baada ya saa 4 haiendi na saumu ya mchana kutwa. Mkristo aliyezoea kupiga magoti atasikilizwa hata kitini. Shehe au mchungaji akija kumzuru amwambie hivyo kwa kinywa chake, kwani wagonjwa wengi huumia kimya wakidhani wanamkosea Mungu kwa kukaa.

Na anayeuguza asisahauliwe. Kwa kawaida ni mke, binti au mkwe mmoja, naye huulizwa habari za mgonjwa na hakuna anayemuuliza habari zake. Pangeni zamu. Usiku mmoja wa usingizi kwa wiki ni msaada mkubwa kuliko mifuko mitatu ya matunda.

Tiba shufaa isiwe ya mwisho

Watu wengi wakisikia tiba shufaa hudhani daktari amekata tamaa. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali ya Massachusetts General, Boston, Marekani, kwa wagonjwa 151 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na saratani ya mapafu iliyosambaa, ile ya seli zisizo ndogo. Baadhi walipata tiba ya kawaida peke yake, wengine walipata tiba hiyo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo. Waliopata tiba shufaa waliishi maisha bora zaidi, wachache zaidi walikuwa na sonona, na kwa wastani wa kati waliishi miezi 11.6 ikilinganishwa na 8.9 ya wenzao, ingawa wachache zaidi kati yao walipewa tiba kali katika siku za mwisho. Huo si ushahidi wa kukata tamaa. Ulizeni kitengo cha tiba shufaa siku ile ile mnapopewa majibu, wala msingoje mgonjwa awe wa kubebwa.

Basi kliniki ijayo, salamu ijibiwe, adabu ni adabu. Lakini mgonjwa akishaketi, afungue daftari lake na aongeze maneno machache: "Daktari, nina jambo. Naumwa hapa, usiku zaidi, na wiki hii sikuweza kulala wala kusujudu." Akishindwa kuyasema mwenyewe, bintiye aliyemshika mkono ayaseme kwa niaba yake.